NFATc1 imeshuka? Mjumbe hauawi

Kuna mchoro unaojirudia katika makala za utafiti wa mifupa. Seli za uboho wa panya zinapewa RANKL, ishara ya kuziambia ziwe osteoklasti, seli zinazokula mfupa; juu yake inawekwa dawa au dondoo la mmea fulani, osteoklasti zinapungua, na kwenye bloti ya protini mstari wa NFATc1, protini inayowasha jeni za osteoklasti, unafifia. Hitimisho linafuata: dawa hii inazuia osteoklasti kupitia NFATc1. Sentensi hiyo si ya uongo, ila haijaeleza kitu. Karibu kila njia ya kutengeneza seli hii inapita kwa NFATc1, kwa hiyo chochote kikiharibika huko nyuma, hata kama seli zinakufa tu kwa sumu, NFATc1 ndiyo itakayoleta habari mbaya. Mjumbe hauawi, anaulizwa katumwa na nani.

Osteoklasti ni seli kubwa inayomeng'enya mfupa. Huzaliwa katika ukoo wa monositi na makrofaji, si katika ukoo wa seli zinazojenga mfupa, na hupata ukubwa wake kwa seli nyingi kuungana kuwa moja yenye viini vingi. Ikishajibandika kwenye mfupa hujizungushia pete ya aktini, na ndani ya pete hiyo humwaga asidi ya kuyeyusha madini pamoja na katepsini K ya kukata kolajeni. Hayo yote ni matokeo. Uamuzi hufanywa siku mbili tatu kabla, na protini za unukuzi, yaani zile zinazoshika DNA na kuamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze.

Kabla RANKL haijaingia

Anza na PU.1, maana bila hiyo hakuna ukoo. Mwaka 1997 ilionyeshwa kwamba panya wasio na PU.1 hawana makrofaji wala osteoklasti. Protini hii huwasha jeni ya c-Fms, ambayo ni kipokezi cha M-CSF (ishara inayoziweka seli hizi hai), na pia jeni ya RANK, ambayo ni kipokezi cha RANKL. Seli isiyo na PU.1 ni kiziwi: hata ukiimwagia RANKL kiasi gani, haina sikio la kusikia.

M-CSF yenyewe si protini ya unukuzi, ila seli tangulizi hufa isipokuwepo. Panya wa aina ya op/op, ambao hitilafu yao katika jeni ya M-CSF ilitambuliwa mwaka 1990, wana mifupa iliyojaa hadi nafasi ya uboho inabanwa, na meno yao hayatoki. Kadiri wanavyokua hali hiyo hupungua, kwa hiyo ukisoma jedwali la panya hao bila umri, liweke pembeni.

Sasa linganisha na c-Fos, protini nyingine ya unukuzi. Mwaka 1994 kundi la Erwin Wagner lilionyesha kwamba panya wasio na c-Fos wana makrofaji tele lakini hawana osteoklasti hata moja. Tofauti kati ya panya hawa na wale wa PU.1 ndiyo kifaa bora cha uchunguzi ambacho fani hii inacho, na kinatumika mara chache mno. Makrofaji zikikosekana pamoja na osteoklasti, tatizo liko kwenye ukoo au kwenye uhai wa seli. Makrofaji zikiwepo, tena nyingi, na osteoklasti zikakosekana, tatizo liko kwenye njia panda. Kabla ya kugusa NFATc1, hesabu kwanza seli zenye CD11b na c-Fms, alama za ukoo wa monositi na makrofaji, katika chombo kilichopata M-CSF peke yake pamoja na dawa yako. Ni kazi ya siku moja.

MITF, nayo protini ya unukuzi, inastahili aya yake, kwa sababu inafundisha jambo ambalo wengi hulisahau. Panya wa aina ya mi/mi wana MITF yenye hitilafu. Osteoklasti zao zipo, ila nyingi hubaki na kiini kimoja na hazimeng'enyi mfupa ipasavyo. Ungetegemea panya aliyefutiwa MITF kabisa awe na hali mbaya zaidi, kumbe mifupa yake haina tatizo hilo. Sababu ni kwamba ndugu yake, TFE3, hushika nafasi. Ile MITF mbovu hufanya kazi kama mwenzi mbaya: huungana na TFE3 na kumzuia naye asishike DNA. Ukiwafuta wote wawili kwa pamoja, mifupa inakuwa migumu na kujaa vibaya sana. Kwa hiyo jeni moja ikizimwa na kitu kisitokee, hilo halithibitishi kwamba jeni hiyo haina kazi.

Saa baada ya RANKL

RANKL ikigusa RANK, TRAF6, protini inayopokeza ishara ya RANK, hukusanyika chini ya utando wa seli ndani ya dakika chache. Kati ya dakika ya 5 na ya 15 kizuizi kiitwacho IκB huvunjwa, na NF-κB, protini ya unukuzi iliyokuwa imezuiliwa, huingia ndani ya kiini. Anayepima IκB kwenye saa ya 24 anapima jambo lililokwisha siku iliyopita. Katika siku ya kwanza c-Fos hupanda. NFATc1 huonekana wazi kwenye saa ya 24 na kuendelea kupanda hadi saa ya 48 au 72. Siku ya tatu na ya nne seli huungana.

Mpangilio huu haukukisiwa kwa kutazama saa tu. Panya wasio na p50 na p52 za NF-κB, zote mbili kwa pamoja, walielezwa mwaka 1997: hawana osteoklasti, ingawa kukosa mojawapo tu hakuleti hali hiyo. Seli zao zikipewa c-Fos au NFATc1 kwa nguvu, kupitia virusi vya kubebea jeni, zinarudi njiani. Seli zisizo na c-Fos nazo hazitengenezi NFATc1, lakini zikipewa NFATc1 zinaendelea. Basi foleni ni hii: NF-κB, c-Fos, NFATc1. Pengo la anayekuja baadaye haliwezi kuzibwa na aliyemtangulia. Hakuna hoja nyingine yenye uzito kama hiyo katika mnyororo huu, na nitairudia chini kwenye upande wa vitendo.

NFATc1 ilitambulishwa kama kiungo kikuu mwaka 2002, katika kazi ya Hiroshi Takayanagi na wenzake. Panya asiye na NFATc1 hufa tumboni kwa sababu vali za moyo hazijengeki, kwa hiyo walitumia seli shina za kiinitete: zisizo na NFATc1 zilishindwa kuwa osteoklasti. Mwaka 2005 ikaeleweka kwa nini NFATc1 hupanda kwa kasi namna ile: hushika promota (swichi ya DNA) ya jeni yake yenyewe na kujiongeza. Mwanzoni ndugu yake NFATc2 na NF-κB ndio hukaa kwenye promota hiyo. Baadaye NFATc1 huchukua usukani pamoja na AP-1, kundi la protini ambalo c-Fos ni mmoja wao. Mzunguko wa kujiongeza una tabia moja ya kumkera mpimaji: upungufu mdogo mwanzoni unakuwa shimo kubwa saa 48 baadaye. Dawa iliyopunguza c-Fos kidogo tu itaonekana kana kwamba imeikata NFATc1 shingo.

NFATc1 nyingi pia haitoshi. Lazima iingie kwenye kiini, na mlango wake unafunguliwa na kalsiamu. Vipokezi vingine kabisa, kama OSCAR na TREM2, hutumia vibebaji viitwavyo DAP12 na FcRγ. Humo kimeng'enya Syk huwashwa, kisha kingine, PLCγ2, na kalsiamu huanza kupanda na kushuka kwa mawimbi, takribani siku moja baada ya RANKL. Mawimbi hayo huwasha kalsinyurini, nayo huondoa fosfati kwenye NFATc1 ili iingie ndani. Panya wasio na DAP12 na FcRγ, zote mbili, wana mifupa iliyojaa. Binadamu wenye hitilafu ya DAP12 au TREM2 wana ugonjwa wa Nasu-Hakola, wenye uvimbe wa maji ndani ya mifupa na kusahau kunakokuja mapema maishani. Ndiyo kusema mkono huu wa kalsiamu unaweza kuharibika peke yake huku NF-κB ikiwa salama kabisa.

Siklosporini na takrolimusi huzuia kalsinyurini, na katika chombo cha maabara huzizima osteoklasti vizuri. Je, wagonjwa waliopandikizwa viungo na wanaotumia dawa hizo wanaongezeka mifupa? La, mara nyingi wanaipoteza. Osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa, nazo zinaihitaji njia ya NFAT, na wagonjwa hao kwa kawaida wanatumia pia dawa za steroidi. Chombo chenye aina moja ya seli hakiwezi kukuonyesha hilo.

Breki, ambazo hazipimwi inavyopasa

Maelezo mengi ya seli hii husimulia kuwashwa tu. Nusu ya kazi ni kuachilia breki. Monositi ya kawaida ina IRF8, MafB na Bcl6, na zote tatu hukataa isiwe osteoklasti. IRF8 huishika NFATc1 yenyewe na kuizuia isiwashe jeni zake. MafB huzuia c-Fos, MITF na NFATc1 zisishike DNA. RANKL inapoingia, viwango vya breki hizi vinapaswa kushuka. Anayezishusha ni Blimp1, ambayo nayo huwashwa na NFATc1. Jambo hilo lilielezwa mwaka 2010. Mwaka mmoja kabla, panya wasio na IRF8 walionyeshwa kuwa na osteoklasti nyingi kupita kiasi na mifupa iliyochakaa. Kuna pia DNMT3A, inayobandika methili kwenye DNA karibu na jeni ya IRF8 na kuinyamazisha.

Hapo utaona uzuri wa mfumo: PU.1 ni ileile mwanzo na mwisho, ila hubadili wenzi. Katika monositi hukaa na IRF8 na kulinda tabia ya makrofaji. Katika osteoklasti hukaa na MITF na NFATc1 kwenye jeni za kumeng'enya mfupa, kama ile ya katepsini K. Kwa hiyo swali "PU.1 ipo au haipo?" halitoshi. Uliza ipo na nani, kwenye jeni ipi.

Kwa binadamu breki hizi si nadharia. Mwaka 2012 ilibainika kwamba mabadiliko katika sehemu ndogo ya jeni ya MAFB huleta ugonjwa adimu wa kuyeyuka kwa mifupa ya viganja na nyayo, unaoanza utotoni na mara nyingi kuandamana na figo kushindwa.

Breki nyingine hutoka kwenye RANKL yenyewe. Kupitia c-Fos, seli hutengeneza interferoni beta, ambayo hurudi na kupunguza utengenezaji wa protini ya c-Fos. Angalia neno protini. RNA ya c-Fos inaweza kuonekana ya kawaida kwenye PCR, kipimo cha RNA, wakati protini yake imeporomoka. Ukiwa na fedha ya kipimo kimoja tu cha c-Fos, chagua bloti.

Kwenye benchi

Seli za kawaida ni zile za uboho wa paja na muundi wa panya wa wiki 6 hadi 10. Usafishe uboho kwa α-MEM (maji ya kukuzia seli) yenye seramu asilimia 10, uziache seli usiku mmoja, chukua zisizojibandika, kisha uzikuze siku 3 kwa M-CSF nanogramu 30 kwa mililita. Zilizojibandika ndizo seli tangulizi. Weka 10,000 hadi 20,000 katika kila kisima cha sahani ya visima 96, na uongeze RANKL nanogramu 50 kwa mililita ukiendelea na M-CSF ileile. Badilisha maji ya kukuzia siku ya pili au ya tatu. Seli kubwa huonekana siku ya nne au ya tano, na baada ya hapo huanza kufa haraka. Ukichelewa siku moja kwa sababu ya mapumziko ya wiki, utaandika kwamba dawa yako inazuia osteoklasti wakati zilishakufa zenyewe. Za binadamu, zitokanazo na monositi zenye CD14, huchukua siku 7 hadi 14, na hutofautiana sana kati ya mchangia damu mmoja na mwingine.

RAW 264.7, seli za panya za aina ya makrofaji zinazogawanyika bila kikomo maabara, ni rahisi, hazihitaji M-CSF. Hapohapo ndipo udhaifu wake ulipo: hatua ya PU.1 na M-CSF huwezi kuipima ndani yake. Zikigawanywa mara nyingi hupoteza uwezo wa kuungana, kwa hiyo gandisha akiba mapema na urudi kwenye akiba hiyo mara kwa mara.

Makosa yanayoharibu kazi nyingi ni machache. Idadi ya seli ndiyo ya kwanza: zikiwa chache hazikutani, zikiwa nyingi hujaa na kubaki makrofaji. Dawa inayopunguza ongezeko la seli kwa theluthi moja inaweza kufuta karibu osteoklasti zote bila kugusa protini yoyote ya unukuzi. Pima uhai wa seli kwenye M-CSF peke yake, kwa dozi zilezile na siku zilezile, si saa 24 tu.

Seramu ndiyo ya pili. Kila toleo lina tabia yake. Jaribu matoleo matatu au manne, kisha nunua moja kwa wingi.

Ya tatu ni endotoksini, sumu ya ganda la bakteria, na hii ina ujanja. Ikiingia kabla ya RANKL inazuia osteoklasti, maana inaifanya seli iwe makrofaji ya vita. Ikiingia baada ya seli kuanza njia, inaziongeza. Protini zilizotengenezwa kwa bakteria na dondoo nyingi za mimea hubeba endotoksini. Chemsha sampuli: kama ni protini, nguvu yake itaisha, endotoksini huvumilia joto hilo. Polimiksini B, ambayo huikamata endotoksini, itakuthibitishia. Dondoo zenye tanini zina balaa jingine, kwani tanini hushikamana na protini na zinaweza kuinasa RANKL kabla haijaifikia seli. Hapo utaona kila kitu kimeshuka, kuanzia IκB.

Kwa bloti ya NFATc1 fanya kazi juu ya barafu na uweke vizuizi vya fosfatasi tangu mwanzo. Tegemea mistari zaidi ya mmoja, kwa sababu protini hii ina maumbo kadhaa na hubeba fosfati kwa viwango tofauti. Aliyekata picha ikabaki mstari mmoja amekutupia habari nusu. Tenga kiini na saitoplazimu, tumia lamini B kwa kiini na tubulini kwa saitoplazimu. NFATc1 ikiwa nyingi lakini imekaa nje ya kiini, geukia upande wa kalsiamu.

Halafu jaribio la saa, ambalo ni la bei ndogo kuliko yote. Weka dawa kuanzia saa 0 hadi 24 kisha ioshe. Kwenye visima vingine iweke kuanzia 24 hadi 48. Na vingine kuanzia 48 hadi 72. Ikizuia katika siku ya kwanza tu, tafuta RANK, TRAF6, NF-κB, c-Fos na IRF8. Ikizuia siku ya pili, tazama kalsiamu, mzunguko wa NFATc1 na Blimp1. Ikizuia siku ya tatu peke yake, huenda NFATc1 haihusiki kabisa, na hitilafu iko kwenye kuungana kwa seli. Pima DC-STAMP na Atp6v0d2, protini za kuungana huko.

Mwisho, ingiza kwa virusi NFATc1 iliyorekebishwa iwe kiinini muda wote, halafu uweke dawa. Osteoklasti zikirudi, hitilafu ilikuwa nyuma yake, na sasa una haki ya kurudi hatua moja na kufanya hivyohivyo kwa c-Fos. Zisiporudi, dawa inaharibu kitu kilicho mbele, au inaua tu.

Usihesabu kwa rangi ya TRAP, kimeng'enya kinachotumika kama alama ya osteoklasti, peke yake. Makrofaji zilizochokozwa nazo huweza kuonyesha TRAP, kwa hiyo hesabu seli zenye TRAP na viini 3 au zaidi, na ongeza katepsini K na kipokezi cha kalsitonini kwenye PCR. Kisha zihamishie baadhi ya seli kwenye vipande vya mfupa au vya dentini ya jino, uzisugue zitoke baada ya siku chache, na upake toluidini buluu ili mashimo yaonekane. Katika watoto wenye mifupa iliyojaa tangu kuzaliwa, zaidi ya nusu ya wale wa aina ya kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili wana hitilafu ya TCIRG1, sehemu ya pampu ya asidi. Osteoklasti zao ni nyingi, zina viini vingi, TRAP yao inang'aa, na hazichimbi hata shimo moja.